Tairi za gari lazima zifanane zote nne?

Wakuu, tairi za mbele zimeisha, nataka kununua mbili tu maana za nyuma bado nzuri ila kampuni tofauti, kuna shida?

> Kama gari ni tuwili (injini inasukuma tairi mbili tu) haina shida, muhimu ekseli moja, yaani mbili za mbele au mbili za nyuma, zifanane saizi na aina, isiwe moja mpya nyingine kipara

> Mpya funga nyuma mkuu, za nyuma zilete mbele. Wengi wanabisha hili lakini nyuma ikiteleza kwenye maji gari linazunguka na hulidaki tena, mbele ikiteleza angalau ukiachia mafuta linarudi

> Fowili ya muda wote (injini inasukuma tairi zote nne kila wakati) nunua nne, zikipishana kimo difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa tairi, inahangaika mpaka inakufa

> Soma na tarehe ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019