Asilimia 97 ya nini? Nimechoka kusifiwa kwa samaki tuliowabuni ofisini

Assalaamu alaykum wadau. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Nafanya kazi ya data hapa Mjini, Unguja, mwaka wa sita sasa. Mradi niliomo ni wa kutabiri samaki watakaoshushwa kwenye madiko, yaani pwani vinakotia vyombo vya uvuvi, ya Unguja na Pemba: kwa kila diko na kila siku, modeli, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa data ya nyuma, inatakiwa iseme kama samaki watakuwa wengi, wa wastani au wachache. Wenye barafu, wenye magari na wanunuzi wa mnadani wajipange kabla. Mie nimezaliwa nyumba ya uvuvi, kazi hii naipenda kwa dhati. Ndiyo maana inaniuma.

Alhamisi iliyopita mkuu wetu kasimama mbele ya wageni, kawasha projekta, kasema modeli ina usahihi wa asilimia 97. Makofi. Data hiyo nimeisafisha mie, mstari kwa mstari. Nikanyoosha mkono nikasema namba hiyo si ya kweli. Nikaambiwa nikae, mambo ya kiufundi yatazungumzwa pembeni. Hiyo pembeni sijaitwa mpaka leo, basi nayasema hapa.

Siku nyingi kwenye data yetu ziko tupu. Hakuna kilo, hakuna idadi ya vyombo, hakuna kitu. Mshauri aliyeletwa kutengeneza modeli aliamua kila pengo lijazwe wastani wa diko hilo. Nilimwambia tupu si sifuri, na si wastani pia. Tupu maana yake kuna jambo hatukuliandika. Hakunisikiliza. Sasa fikirini wenyewe: siku uliyoijaza wastani, jibu lake sahihi litakuwa nini? "Wastani". Na siku hiyo hiyo idadi ya vyombo nayo umeijaza wastani, namba ile ile isiyobadilika hata kidogo. Modeli inaitambua siku hiyo kwa alama hiyo, inajibu "wastani", inapewa vema. Vema nyingi kati ya zile zilizopigiwa makofi ni za siku ambazo samaki wake tumewabuni sisi, tumekaa kwenye kiyoyozi.

Halafu kuna jambo la pili, na hili kila anayeanza kujifunza kazi hii hufundishwa mapema. Alizichanganya siku zote ovyo, kisha akazikata mafungu mawili: la kufunzia na la kujaribia. Kwa hiyo Jumatatu na Jumatano ziko kwenye kufunzia, Jumanne iko kwenye kujaribia. Modeli inaulizwa habari za Jumanne ilhali jana yake na kesho yake imeshazitia machoni. Mvuvi wa kweli hapewi samaki wa kesho ili akisie wa leo. Ukitaka kujaribu utabiri, unaifunza modeli mpaka tarehe fulani, unaifungia mlango, kisha unaiuliza yanayokuja baada ya hapo. Nilifanya hivyo mwenyewe usiku, kwa kompyuta yangu, siku za kujaza nikaziondoa kabisa. Ile 97 haikufika hata nusu yake. Nimepeleka matokeo kwa barua pepe mara tatu. Kimya.

Mngeniambia ni namba tu, haimdhuru mtu. Wallahi inadhuru. Kuna kina mama wanaochemsha na kuanika dagaa, kikundi kimoja kaskazini ya Unguja, walipewa simu yenye utabiri wetu. Wiki moja dashibodi ikawaambia "wastani" siku zote saba. Wakakopa, wakanunua kuni na chumvi, wakakesha pwani kusubiri vyombo. Vyombo havikwenda, kwa sababu mwezi ulikuwa mpevu. Dagaa huvuliwa kwa taa kwenye giza. Mbalamwezi ikitanda bahari nzima, taa haimvuti dagaa, na mvuvi hachomi mafuta yake bure. Mtoto wa pwani wa miaka kumi analijua hilo. Modeli haikulijua kwa sababu usiku wa mbalamwezi kwenye data yetu ulikuwa tupu, na tupu tuliugeuza samaki. Bi mkubwa wa kikundi hicho alinipigia mimi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, nyinyi mwezi hamuuoni huko Mjini?"

Nilipata homa ya aibu. Kesho yake nikapanda boti mpaka Mkoani, nikachukua gari ya shamba mpaka kaskazini ya Pemba, kwa pesa yangu, nikaonane na bwana diko mmoja, msimamizi wa diko anayetuandikia data, ambaye ofisini kwetu jina lake hutajwa kila kikao kama mfano wa uzembe. "Huyu hajazi." "Huyu data yake mbovu."

Mzee alinikaribisha barazani, kaniletea kahawa, akanitolea daftari zake, za miaka na miaka. Nilizifunua ukurasa mmoja mmoja na machozi yananilenga. Hakuna siku tupu. Hata moja. Siku za samaki kaandika samaki, siku zisizo samaki kaandika sababu: "mbalamwezi". "Kusi kali". "Msiba, hakuna aliyekwenda". "Vyombo vimekwenda dago", yaani vimehamia kuvua ugenini kwa muda. Kaandika hata dago la wapi na wanatarajiwa kurudi lini. Nikamuuliza mbona haya hayafiki kwetu. Akanionyesha simu. Fomu yetu ina sehemu ya jina la samaki, ya kilo, ya idadi ya vyombo, basi. Sehemu ya sababu haipo. Ukiandika neno kwenye sehemu ya kilo inakataa. Kwa hiyo anaacha tupu, ndicho kitu pekee fomu inachomruhusu.

"Mie naandika kila siku, mwanangu. Siku isiyo samaki ndiyo naandika zaidi."

Sababu zote tulizokuwa tukizitafuta kwa akili mnemba, na kwa fedha za washauri, zilikuwa kwenye daftari la karatasi juu ya kabati la mzee huyu. Fomu tumeitengeneza sisi. Tumelifunga tundu la kupitia maarifa, kisha tukamwita mwenye maarifa mzembe.

Na hilo la dago peke yake lingetosha kuibomoa modeli nzima. Wavuvi wa Kojani, kisiwa kidogo cha Pemba, wanajulikana mwambao wote kwa kwenda dago, wanahama na vyombo vyao wiki kadhaa, wanashusha samaki pengine, mpaka mwambao wa bara na Kenya. Kwenye data yetu wavuvi hao huonekana wamepotea ghafla na diko la ugenini huonekana limebarikiwa ghafla. Modeli inatafuta sababu kwenye joto la bahari. Watu wamehama tu!

Yako mengine madogo nayataja haraka. Fomu inataka kilo na pwani hakuna mizani. Dagaa hupimwa kwa ndoo, tasi huuzwa kwa mtungo, na mtu Mjini kakaa akaamua ndoo moja ni kilo kadhaa bila kwenda kupima hata ndoo moja. "Changu" kwenye orodha yetu ni samaki mmoja, pwani jina hilo linabeba aina kadhaa. Na saa: mzee kaandika vyombo vimerudi saa 2, yaani asubuhi jua limeshatoka, mfumo ukaweka saa nane za usiku. Miezi mizima ya data inaonyesha mnada unafanyika watu wamelala. Nimerekebisha hayo kwa mkono, na nilipoomba siku kumi zaidi za kusafisha niliambiwa nachelewesha mradi.

Posho ya yule mzee ina miezi mitano haijalipwa. Vocha ya kututumia data ananunua mwenyewe. Mshauri kalipwa kwa wakati. Hili silisemi kwa husuda, nalisema kwa sababu nimeona daftari na nimeona modeli, na najua kipi kati ya viwili hivyo kina thamani.

Jumatatu natakiwa kutia saini ripoti yenye 97 ndani yake. Sitii. Nimeshaandika masharti yangu: siku za kujaza zitolewe kwenye majaribio, modeli ijaribiwe kwa tarehe za mbele tu, fomu iongezwe sehemu ya sababu, ya siku za mwezi na ya dago, mabwana diko walipwe malimbikizo yao na waitwe kwenye kikao kinachoamua fomu. Na kina mama wale warudishiwe gharama za kuni na chumvi. Nikifukuzwa, nifukuzwe kwa hilo.

Ninachoomba kwenu, hasa mliofanya takwimu za uvuvi au za karafuu, ambako wachumaji nao huhamahama msimu: dago mnaliandikaje? Samaki unamhesabia diko alikoshushwa au kijiji alikotoka mvuvi, au unaweka safu mbili? Mzee ananiambia safu mbili. Mie naona yuko sawa, lakini nataka kumsikia aliyewahi kulifanya kabla sijaigusa fomu kesho.