Jiwe la Mpaka Libaki Lilipo

Shangazi: Shikamoo Baba, na nyote hamjambo. Leo alfajiri nimepita kwenye lile jiwe la mpaka, nikakuta mashine ya kukatia nyasi imemega kona yake ya chini, na vumbi la pale lilipomegeka bado lilikuwa juu ya majani. Naomba tusilinyamazie jambo hili.

Babu: Marahaba, binti yangu. Nimesikitika sana. Je, maandishi yamesalimika?

Shangazi: Yamesalimika, Baba. Mchana hayaonekani, lakini jua lilipokuwa bado chini, mwanga uliyapiga kutoka ubavuni na kila herufi ikapata kivuli chake.

Kaka Mkubwa: Shangazi, kwa nini lisihamishiwe makumbusho, ambako halitagongwa wala kunyeshewa?

Shangazi: Hapo sikubaliani nawe, mwanangu. Chungu cha kale hubaki chungu popote kiwekwapo, lakini jiwe la mpaka kazi yake ni kusema "ni hapa", na likiondolewa hapo halina tena la kusema. Tazama mawe 40 yaliyosimikwa mwaka 1791 na 1792 kuuzunguka mji mkuu wa Marekani, moja kila maili, chini ya mpimaji ardhi Andrew Ellicott. Baadaye eneo la upande wa Virginia lilirudishwa kwa jimbo hilo na mpaka ukahama, lakini mawe mengi ya upande huo yaliachwa, na ndiyo yanayomwonyesha mpita njia kwamba mji ule ulipimwa ukiwa mraba. Kuanzia mwaka 1915, wanawake wa chama cha Daughters of the American Revolution waliyazungushia vizimba vya chuma yakiwa palepale.

Mdogo Wenu: Mimi nilitaka tulipake rangi, na pale palipomegeka tuzibe kwa saruji.

Shangazi: Nakusihi usifanye hivyo. Saruji ni ngumu kuliko jiwe laini kama lile; hufungia unyevu ndani, kisha jiwe huendelea kumeguka pembeni mwa kiraka. Kuvu huondolewa kwa maji safi na brashi laini, kamwe si ya waya, na pengo aliangalie fundi anayeijua chokaa.

Babu: Basi nitaiandikia ofisi ya ardhi kuomba kizimba, na waache nafasi ili mashine isilifikie tena. Barua itahitaji picha za pande zote nne na vipimo vya mahali lilipo.

Kaka Mkubwa: Nimekuelewa, Shangazi. Kesho jua likichomoza nitakuwa pale na kamera.