Pteroton Stratopedon: je, tuna haki ya kuiita Inchtuthil?

Hoja ninayoileta ni hii: je, ni halali kuandika kwenye ramani kwamba Pteroton Stratopedon, yaani kambi yenye mabawa, ndiyo ngome ya Kirumi ya Inchtuthil huko Uskoti, bila hata alama ya kuuliza? Mimi nasema si halali.

Jina hilo limo katika Jiografia ya Klaudio Ptolemaio wa Aleksandria, iliyoandikwa kwa Kigiriki mnamo mwaka 150 (kitabu kile kile kinachoitaja Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu, ambayo nayo bado inagombaniwa), nalo limewekwa katika miji ya Vacomagi, kabila la kale la Uskoti.

Wanaoitetea Inchtuthil hawabahatishi. Ngome hiyo, iliyo kando ya mto Tay, ilianza kujengwa mnamo mwaka 83 kwa ajili ya lejioni nzima (kikosi kikuu cha jeshi la Kirumi, chenye askari maelfu) na ikahamwa miaka michache tu baadaye. Tuta lake la udongo lilivikwa ukuta wa mawe, jambo lenye uzito, kwa kuwa pinnata, neno la Kilatini la "yenye mabawa" katika jina la Pteroton Stratopedon, laweza pia kumaanisha yenye kuta zenye meno juu yake. Wachimbaji wakiongozwa na mwanaakiolojia Ian Richmond walifukua humo misumari zaidi ya 750,000, ambayo inaaminika askari waliizika wakati wa kuondoka ili wenyeji wasipate chuma cha kufulia silaha. Ngome kubwa namna hiyo, wanauliza, ingekosaje kutajwa? Swali ni zuri, ila si ushahidi, maana wapo wataalamu wanaoipa Inchtuthil jina jingine la Ptolemaio, Victoria, ambalo yeye aliliweka katika kabila tofauti kabisa.

Tena tumewahi kuumwa na nyoka huyu wa kubandika jina bila ushahidi. Mwaka 1757 Charles Bertram alichapisha kitabu cha kughushi kuhusu Uingereza ya Kirumi, alichodai kuwa ni cha mtawa wa kale. William Roy, mpimaji hodari, akakiamini, na jina la Pteroton Stratopedon likabandikwa Burghead, ambayo ni ngome ya Wapikti, watu wa kale wa Uskoti, wala si ya Warumi. Uongo huo ulidumu takribani karne nzima.

Kizuizi kikubwa ni Tuesis, mji mwingine wa Vacomagi, ambao kwa kawaida huhusishwa na mto Spey, mbali kaskazini mwa Tay. Ni kweli kwamba Ptolemaio aliipinda Uskoti kuelekea mashariki, kwa hiyo vipimo vyake havisomeki moja kwa moja. Lakini anayeivuta kambi hadi Tay anieleze kwanza Tuesis ataiweka wapi.