Wenye nyumba mnaosafiri na kutuachia wanyama wenu: hii "si unakaa bure" imetosha sasa!

Wakuu, poleni na majukumu. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiye na muda apite tu.

Naandika nikiwa kwenye basi natoka Arusha, tumesimama Korogwe watu wanakula. Mimi sijashuka. Nimekaa na simu mkononi, nasoma kwa mara ya saba meseji hii: "Asante sana dada kwa kutuangalizia watoto wetu. Ila hiyo ya daktari hatukukubaliana, ungeniuliza kwanza. Na kumbuka ulikaa bure."

Watoto wetu maana yake ni paka wawili na mbwa mmoja. Hiyo ya daktari ni shilingi 168,000 zilizotoka kwenye pochi yangu usiku ili mmoja wa hao "watoto" asife. Hiyo bure nitawaelezea.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: naangalizia watu nyumba na wanyama wao wakisafiri. Mtu anakwenda likizo, ananiachia funguo, paka, kasuku, maua na maelekezo ya kurasa nne. Nahamia, nalisha, nasafisha, nalala humo, akirudi nafungasha naenda nyumba nyingine. Mwaka huu nimeshakaa Masaki, Mbezi Beach, Morogoro, Iringa, Paje, na Arusha mara mbili. Chumba changu cha Tabata nilikiacha mwaka jana, maana nilikuwa nalipia kodi kitanda ninacholalia siku nane kwa mwezi. Vitu vyangu viko kwa shangazi, juu ya kabati, kwenye mabegi mawili ya shangazi kaja. Juni mpaka Agosti shule za kimataifa zikifunga nagombaniwa. Desemba hivyo hivyo. Masika ikianza simu inakuwa kimya mpaka naikagua kama ina laini.

Marafiki wanaona picha. Bwawa la kuogelea, bustani, paka kajilaza kwenye kochi. "Shosti unakula bata!" Bata gani? Hilo bwawa mimi ndiye naliopoa majani kila asubuhi. Hiyo kochi siikalii, ni nyeupe.

Sasa Arusha.

Mimi ni mtu wa Tanga, Muislamu, nimelelewa kwenye madhehebu ya Shafii. Simchukii mbwa, ila mate yake yakinigusa natakiwa kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo mteja namwambia kabla ya yote: paka nachukua, ndege, kobe, samaki, hata sungura. Mbwa akiwepo awe wa banda la nje na awepo mtu mwingine wa kumhudumia. Huyu mama mwenye nyumba ni Mtanzania mwenzetu, mumewe ndiye mgeni, kwa hiyo hakuna kusingizia lugha. Nilimwandikia hayo yote. Akanijibu kwa dole gumba. Tukakubaliana paka wawili, Chai na Ndizi (paka wa nyumba hizi wote wanaitwa Chai au Ndizi, sijui ni sheria), wiki tatu, elfu kumi na tano kwa siku, nusu ya bei yangu, kwa sababu "nyumba ni nzuri utapumzika".

Nafika Njiro Jumamosi jioni, wao alfajiri wanawahi ndege KIA. Naoneshwa chumba cha wageni. Juu ya kitanda kuna mbwa. Mkubwa, wa kahawia, kalaza kichwa kwenye mto. "Huyo ni Bruno, tulisahau kukuambia, mpole sana, halali bila mtu."

Mnasahauje mbwa? Kilo thelathini!

Mtaniuliza kwa nini sikugeuka pale pale. Kugeuka niende wapi saa moja na nusu usiku, na nauli ya basi nimeshalipa, na kazi ya Mbezi Beach nimeikataa kwa ajili ya hii? Hilo wanalijua. Ndiyo maana mbwa anatokea ukishafika, hatokei kwenye simu.

Nikajipanga. Nikahamishia shuka zangu chumba cha stoo, Bruno akabaki na kitanda chake. Nikachimba udongo safi nyuma ya migomba, nikaujaza kwenye kopo la rangi, nikaliweka karibu na bomba la nje. Babu mlinzi akanikuta siku ya pili nimechuchumaa kwenye baridi ya Julai ya Arusha nasugua mkono kwa udongo, nahesabu kwa sauti. Akaniuliza, "Binti, unapanda nini?"

Siku ya tisa mbwa hakula. Nikasema labda anawalilia wenyewe. Siku ya kumi asubuhi alikojoa kwenye ukuta mweupe wa gereji na mkojo ulikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nikamfunua mdomo. Jamani, ufizi wa mbwa mzima ni wa pinki kama wetu. Huyu ulikuwa mweupe unaelekea njano, kama ganda la yai. Nikamkagua masikio: kupe. Katikati ya vidole vya miguu: kupe, wengine wamevimba kama kunde. Kola ya dawa aliyovaa, nikaisoma ndani, muda wake ulishapita tangu Februari.

Nikapiga simu. Mara kumi na moja, nimezihesabu. Hapokei. Lakini status yake inabadilika! Saa saba mchana yuko ufukweni na miwani. Saa kumi anakula aiskrimu. Nimeandika "Bruno anaumwa sana, nipigie." Tiki mbili, za kijivu. Mumewe namba yake haipatikani. Namba ya daktari waliyoniachia ni ya daktari aliyehamia Mwanza.

Bajaji ya kwanza ikaona mbwa ikaondoka. Ya pili akataka elfu arobaini, na mbwa awekwe kwenye gunia. Mwisho babu mlinzi akamkumbuka daktari wa mifugo mmoja anayetibu ng'ombe wa jirani zake, akaja kwa bodaboda saa tatu usiku na begi lake. Joto la mbwa 40.6. La kawaida kwa mbwa linaishia kwenye 39 na kidogo. Akamtoboa pembeni ya sikio, akapaka tone la damu kwenye kioo akaondoka nalo, lakini akasema kwa mkojo ule hasubiri majibu. Ni homa ya kupe, ile ambayo vijidudu vinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, ndiyo maana mkojo unageuka rangi na ufizi unapauka. Kuchelewa mpaka kesho ni kumzika. Akamchoma sindano, akamtundikia dripu kwenye msumari wa pazia. Ile sindano inauma na inamtoa mbwa udenda hatari. Nani alimshika kichwa? Mimi. Udenda wote ukamwagikia mapajani kwangu. Kopo la udongo usiku ule liliisha.

Majibu yakaja kesho yake, ndiyo yenyewe, na nyingine ya kupe juu yake inayotaka vidonge vya doksisaiklini wiki nne. Kwa hiyo siku zangu zilizobaki nilikuwa nafungia vidonge kwenye kipande cha ini, asubuhi na jioni, halafu naenda bombani.

Mwenye mbwa akanipigia siku ya kumi na mbili. "Oh pole, huku intaneti ilikuwa inasumbua." Nikamweleza, nikamtumia picha za risiti zote. Akalia kwenye simu, akasema mimi ni malaika. Nikajua yameisha. Kumbe malaika halipwi! Karudi juzi, kamkuta mbwa anakimbia, ufizi wa pinki, na leo nikiwa njiani ndiyo ananiandikia "ungeniuliza kwanza". Kwenye malipo yangu pia kakata elfu sitini za nyama iliyoharibika kwenye friza.

Na hilo la nyama lisikieni. Umeme ulikata usiku wa siku ya tano, yuniti zimeisha. Kununua LUKU unahitaji namba ya mita. Namba ya mita haikuwa kwenye zile kurasa nne za maelekezo. Kulikuwa na aya nzima kuhusu Ndizi kupenda maji ya bomba yanayotiririka, lakini namba ya mita hakuna. Mita yenyewe iko kwenye kijichumba cha nje, kimefungwa kufuli, ufunguo uko Ulaya; ndani ya nyumba kuna kile kidude cha kuingizia tokeni tu. Tukakaa giza usiku mzima na mchana mpaka alasiri, babu alipokumbuka kwamba kuna meseji ya zamani ya tokeni kwenye simu yake, yenye namba ya mita. Nikanunua umeme wa elfu ishirini, hela yangu hiyo nayo. Nyama ikaharibika. Kosa la nani? Langu.

Hii siyo ya Arusha peke yake. Masaki niliachiwa paka mzee mwenye kisukari, sindano mbili kwa siku, kila baada ya saa kumi na mbili, na ni lazima ale kwanza. Mwenyewe aliacha dawa ya mwezi na mabomba ya sindano ya wiki moja. Nikaenda famasi, wakanipa ya binadamu. Bahati nilimpigia daktari kabla ya kuchoma. Kumbe insulini nyingi za wanyama zimepimwa yuniti 40 kwenye mililita, na bomba la binadamu lina alama za yuniti 100. Ukivuta mpaka kwenye alama ile ile umempa paka chini ya nusu ya dozi. Ukichanganya kinyume chake unampa mara mbili na nusu, na huyo huamki naye. Maelekezo niliyoachiwa kuhusu hilo: "mpe 2 asubuhi na jioni, ni rahisi sana." Morogoro niling'atwa kwenye shavu la mguu na mbwa wa jirani wa mteja, ambaye nilikuwa nimeongezewa kumlisha "maadamu upo". Kadi yake ya chanjo ya kichaa imepitwa miaka miwili. Nikaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima, nikaanza sindano siku hiyo hiyo, nikarudi siku ya tatu, ya saba, kila safari nauli yangu. Mwenye mbwa alinipa pole na chupa ya jemu.

Halafu kuna hawa wageni wanaozunguka dunia, wanaolala nyumba za watu bila kulipwa hata mia, wanaita kubadilishana: wewe unapata mtu wa kukaa na paka, mimi napata pa kulala. Sawa, wao ni likizo, wana kazi zao kwenye kompyuta. Ila wakipita Paje mwezi mmoja, mteja wangu ananiuliza kwa nini yeye anilipe wakati mwingine alifanya bure. Siwalaumu sana wao. Namlaumu anayenilinganisha nao huku ananiagiza pia nimpokelee fundi wa paa.

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu, tumeshapita Chalinze.

Aliyeandika "mbwa ni mbwa tu, ungemfungia nje afe, wao watajua": mkuu, akifa wewe ndiye utakayeulizwa, siyo kupe. Na mimi sikuweza. Alikuwa ananiangalia.

Aliyesema nimeritadi kwa kushika mbwa, nilimpigia ustadhi wangu Tanga usiku ule ule, nawe kampigie wako.

Aliyesema nimtaje jina na nyumba: hapana. Arusha ni ndogo na hii ndiyo kazi yangu.

Waliouliza hela: nimemtumia tena risiti zote tano, na picha ya kola ya kupe upande wenye tarehe. Safari hii tiki ni za buluu. Kuna mtu wa Paje ananisubiri wiki ijayo, anasema ni paka mmoja tu, mpole. Nimemjibu anitumie video ya nyumba nzima, chumba kwa chumba, mpaka vitandani, na namba ya mita. Bado anafikiria.

Mwenye mfano wa mkataba wa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, wenye kipengele cha hela ya dharura ya daktari kuachwa kabla ya safari, anitumie inboksi. Siyo wa kurasa kumi, hawatausoma. Nashuka Mbezi kama saa nne usiku, chaji ikibaki nitaujibu humo humo.