Tupeane uzoefu: mwanafunzi akishaingia ofisi ya unasihi, unaanzia wapi?

Mleta mada
Habari za kazi, walimu wenzangu. Uzi huu ni wa wanasihi, yaani washauri wa wanafunzi, wa sekondari na wote wanaokaa na wanafunzi kwenye kile chumba cha pembeni. Tuleteni utendaji: unaanzaje, unaandika nini, na huwa panaharibika wapi. Visa vya wanafunzi tuviache kabisa, maana hata ukificha jina wenzake watamtambua.

Naanza na kikao cha kwanza. Kabla ya swali lolote, mweleze mipaka ya siri kwa maneno ya kawaida: "Tutakayozungumza yanabaki hapa. Ila nikisikia unataka kujidhuru, au kumdhuru mtu, au kuna mtu anakudhuru, itabidi nimshirikishe mwingine, na nitakuambia kwanza ni nani." Kisha mwombe akueleze alivyoelewa. Ukiahidi siri yote halafu ukalazimika kuitoa, umempoteza yeye na kila atakayemsimulia.

Viti vikae pembe, kama herufi L, meza isiwe katikati. Saa ya ukutani itundikwe nyuma ya kiti cha mwanafunzi. Mtoto anayejikaza kusema jambo zito akikuona unachungulia saa ya mkononi, anameza maneno yake na kuaga.

Mchangiaji wa 2
Naongezea suala la kofia mbili. Mnasihi asipewe kazi ya nidhamu. Ukimwandikia mtoto barua ya kusimamishwa masomo asubuhi, mchana usitegemee akueleze kwa nini alipigana.

Halafu idadi. Chama cha washauri wa shule cha Marekani, ASCA, kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na angalau asilimia 80 ya muda wake iende kwenye huduma za wanafunzi. Sasa piga hesabu: ukiwa na wanafunzi 800, dakika 30 kwa kila mmoja, mara moja tu, ni saa 400. Ukifanya vikao saa 4 kwa siku, hizo ni siku 100. Ndiyo maana makundi hayaepukiki: wanafunzi 6 hadi 8 wenye jambo linalofanana, kama msiba au hofu ya mitihani, vikao 6 vya dakika 40.

Onyo moja hapo. Usimweke mwonevu na anayeonewa kundi moja, wala usiwakalishe "wapatane". Uonevu si ugomvi wa watu wawili wenye nguvu sawa. Anayeonewa atakubali kila kitu mbele yako kwa woga, na wakitoka nje atalipia.

Mchangiaji wa 3
Niseme la kujiua, kwa sababu wengi tunalizungukazunguka. Uliza waziwazi: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo, mara nyingi kunamtua mzigo. Ukimuuliza "hufikirii mambo mabaya, sivyo?" umeshamwambia jibu unalotaka.

Akisema ndiyo, endelea taratibu: mawazo yanakuja mara ngapi, ana mpango, njia aliyoifikiria anaweza kuipata, amepanga lini, aliwahi kujaribu. Kuanzia hapo haachwi peke yake, hata chooni anasindikizwa na mtu mzima. Anakabidhiwa kwa mzazi au mhudumu wa afya ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu, nawe unaandika saa na jina la aliyempokea. Nyumbani wafungie dawa, sumu za wadudu na chochote alichokitaja. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linalookoa uhai.

Achaneni na ule mkataba wa "naahidi sitajiua". Haujathibitika kumlinda mtu. Andikeni naye mpango wa usalama, kwa maneno yake mwenyewe: dalili kwamba hali inaanza kuchafuka, anachoweza kufanya peke yake, mahali na watu wa kumwondoa kwenye mawazo hayo, wa kumwomba msaada, wataalamu wa kuwapigia, na namna ya kuweka mazingira salama. Nakala moja aondoke nayo.

Mchangiaji wa 4
Swali kwa mchangiaji wa 3: na kama anayemdhuru ni mzazi mwenyewe?

Mchangiaji wa 3
Basi huyo mzazi hapigiwi. Unapeleka taarifa kwa mamlaka ya ulinzi wa mtoto kama sheria inavyotaka, siku hiyohiyo. Na usigeuke mpelelezi. "Nini kilitokea?" inatosha, "ni baba, eh?" inaweza kuharibu ushahidi wote. Andika maneno yake kama alivyoyatamka. Usipige picha majeraha. Usimrudishe aanze upya kwa mwalimu mkuu, kisha kwa mwalimu wa darasa. Kila anaporudia anaumia upya.

Mchangiaji wa 5
Kwenye kumbukumbu, andika ulichokisikia na kukiona. "Ana msongo wa mawazo" ni hukumu yako. "Alisema halali tangu Jumatatu, alilaza kichwa mezani mara mbili" ni taarifa inayomsaidia atakayempokea. Faili hizi zifungiwe, zisichanganywe na za masomo.

Na tusisubiri mtoto abishe hodi. Mahudhurio yanasema mapema: asiyekuja siku 18 kati ya 180 amekosa asilimia 10 ya mwaka, hata kama alikosa mojamoja. Alama zikishuka somo moja, chunguza mada, mwalimu, hata macho yake, kama anaona ubao. Zikishuka zote kwa mpigo, uliza usingizi, chakula, ugonjwa, msiba. Mpango wa kumsaidia uwe jambo moja kwa wiki moja. Mwulize, "Kuanzia 0, hali mbaya kabisa, hadi 10, hali nzuri kabisa, uko wapi?" Akisema 4, mwulize kwa nini si 2. Hapo atakutajia mwenyewe kinachomshikilia.

Mchangiaji wa 6
Uchaguzi wa masomo na kazi: Frank Parsons, aliyefungua ofisi ya ushauri wa kazi Boston mwaka 1908, alishauri mtu ajijue, azijue kazi, kisha alinganishe. Sisi mara nyingi tunaruka la pili. Dodoso la vipaji lisiamue. Mpeleke akazungumze na mtu aliye kazini. Tarehe za mwisho za maombi zipangwe kwa kurudi nyuma, na barua ya mapendekezo iombwe wiki 3 kabla.

Mleta mada
Asanteni sana. Nimeona hakuna aliyegusa kurudi. Mwanafunzi akipewa rufaa, wengi tunaona kazi imeisha, kumbe siku anayorejea darasani ndiyo ngumu. Mwone asubuhi hiyo kabla ya kengele, kisha baada ya wiki moja. Walimu waambiwe tu anachohitaji, kwa mfano kuongezewa siku za kumalizia kazi, bila sababu.

Na muandalieni jibu. Wenzake watamuuliza alikuwa wapi, na asipokuwa na la kusema atarudi nyumbani. Sentensi moja inatosha: "Sikuwa sawa, sasa naendelea vizuri." Aitamke kwa sauti mara mbili tatu mbele yako, ndipo aende darasani.