Kebo za nje kwa intaneti ya majumbani: kwenye nguzo au ardhini?

Swali

Habari zenu, wataalamu. Tunakusudia kufikisha intaneti kwenye nyumba zipatazo 60, zote zikiwa ndani ya kilomita 2 kutoka kwenye chumba chetu cha mitambo. Nyumba chache tumekwisha kuziunga kwa kebo za shaba zinazopita juu ya mapaa, tukiweka swichi (vifaa vya kuunganisha na kugawa mtandao) ndogo njiani, na kila mvua ya radi inaponyesha hatukosi swichi iliyoungua. Je, tuhamie faiba (kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga), na kama ni hivyo, ipite kwenye nguzo au ifukiwe?

Jibu la 1

Hamieni faiba kabla ya msimu mwingine wa mvua. Kebo ya shaba ya Ethaneti ina kikomo cha mita 100 kwa kipande, ndiyo maana mmelazimika kutundika swichi njiani, na kila moja inadai umeme, kasha na mtu wa kuipandia inapogoma. Kubwa zaidi ni kwamba waya huo unaunganisha majengo ambayo kila moja lina ethi yake (waya unaopeleka umeme ardhini), hivyo radi ikipiga jirani, hata bila kuigusa kebo, umeme hukimbia kutoka jengo moja hadi jingine na kuishia kwenye swichi. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Mkichagua ile yenye waya wa chuma wa kuibebea, waya huo lazima ufungwe kwenye ethi.

Jibu la 2

Naafiki, ila faiba nayo ina hesabu zake. Katika mfumo wa GPON, ambao hugawa faiba moja kwa nyumba nyingi, vifaa vya daraja B+ huvumilia upotevu wa mwanga wa hadi desibeli 28 (desibeli ni kipimo cha upotevu huo), na spilita, yaani kigawanya mwanga, ya njia 32 peke yake hula takriban 17. Kwa nyumba 60 mtahitaji spilita mbili. Kilomita 2 za kebo hazifikishi hata desibeli 1, kwa hiyo umbali si tatizo lenu. Mwanga hupotelea kwenye maungio: kiunganishi chenye vumbi, kebo iliyokunjwa kona kali kwenye fremu ya dirisha, au kiunganishi cha kijani, ambacho ncha yake imechongwa mshazari, kuchomekwa kwenye tundu la buluu. Pimeni mwanga katika kila nyumba siku ya kufunga na mwandike kipimo hicho, maana bila hicho hamtajua baadaye kilichoharibika.

Jibu la 3

Kuhusu njia, ningependelea nguzo, isipokuwa panapovukwa barabara yenye magari marefu, ambapo kebo ipite ndani ya bomba chini ya ardhi. Kufukia kunachukua muda mrefu, na mchimbaji wa mabomba ya maji asiye na ramani yenu ataikata kebo bila kujua. Chagueni kebo yenye ala (ganda la nje) ya polietilini nyeusi, kwa sababu ala ya kebo ya kawaida ya ndani ya nyumba hupasuka juani.

Muuliza swali

Nawashukuru. Nguzo zilizopo ni za umeme; je, tunaweza kuzitumia?

Jibu la 3

Mnaweza, kwa kibali cha maandishi cha mwenye nguzo, ambaye ndiye atakayewapangia umbali wa kukaa chini ya nyaya zake. Ombeni kibali hicho kabla ya kununua kebo, kwa kuwa akikataa, njia yote itabadilika na urefu wa kebo pia.