Ati "olewa, moyo utatulia"! Huyu daktari wa zile ngazi amelogwa na nani?

Binti_wa_58 (mwanzilishi wa uzi)

Nimetoka huko sasa hivi, hata viatu sijavua. Mkono unatetemeka, na leo si ugonjwa, ni hasira, kwa hivyo mkiona herufi zimerukwa mvumilie.

Simtaji. Sina haja. Mtu yeyote wa Nakuru aliyewahi kupanda zile ngazi akiwa mgonjwa anamjua. Yule wa kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Yule ambaye jibu lako huwa ameshalipanga asubuhi akipiga mswaki. Ndiyo, huyo huyo. Na wewe unayesema moyoni "haiwezi kuwa yeye", ni yeye.

Ameniambia NIOLEWE.

Iko hivi. Moyo wangu huanza mbio bila taarifa. Sijakimbia, sijashtuka, hakuna anayenidai (sawa, wapo, lakini si saa hiyo). Nimekaa dukani nakunja vitenge, mara kifua kinaanza kupigwa kama isukuti ya harusini. Hakianzi polepole, kinaanza tu. Kinaenda hivyo dakika kadhaa, halafu kinakata, pap, nabaki nimelowa jasho na mteja ananiuliza kama nimemwona marehemu.

Leo ilinishikia karibu na steji. Nikajitupa kwenye duka la dawa, kijana wa pale akanibana kidole na ile klipu yao ya kuhesabu mapigo ya moyo. 162. Akaivua, akaipuliza, akajibana yeye mwenyewe: 74. Akanirudishia mimi: 164. Akaniangalia kwa heshima ambayo sijawahi kupewa na mwanamume yeyote katika jiji hili. Akaandika namba kwenye kikaratasi cha dawa, akasema, "Dada, nenda saa hii, usipitie popote."

Sikupitia popote. Foleni ilikuwa imeshuka ngazi zote mpaka kwa muuza njugu. Kufika zamu yangu, moyo umeshatulia, umekaa kwa adabu mbele ya wageni. Daktari hakunigusa. Presha hakupima. Mshipa wa mkono hakushika. Nikamwekea kikaratasi mezani, AKAWEKELEA KIKOMBE CHA CHAI. Chai! Juu ya 164 yangu! Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye boksi la glavu, mpira unachezwa.

Akauliza, macho kwa mpira: "Una miaka mingapi?"

Thelathini na nne.

"Umeolewa?"

Bado.

Akacheka. "Basi ndiyo hiyo. Madam, wewe olewa, moyo utatulia."

Na mlango ulikuwa wazi. Benchi lote lilisikia. Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya yetu pale, ameshika mkojo wake kwenye kikopo, akasema "Amina." Ndugu zangu, mtu ameshika mkojo na anaitikia! Kufikia jioni sauti ya kwanza wote watakuwa na habari, besi watazipata kesho.

Halafu nikalipa. Risiti imeandikwa "ushauri". Ushauri huo shangazi zangu wa Njoro hunipa bure, tena na githeri juu.

Olewa. Nimeshuka zile ngazi nikilirudia hilo neno mpaka muuza njugu akaniuliza ni nani anaolewa. Kwani walioolewa hawana mioyo? Dada yangu ameolewa miaka na miaka, presha yake imeshaipita Menengai! Kikombe kikaacha duara la chai juu ya namba, nikakichukua kikaratasi changu hivyo hivyo, ninacho hapa.

Sasa mwenye ujuzi aniambie: moyo wa mtu aliyekaa unaweza kufika 164 kwa sababu hana mume? Asiye na ujuzi pia aseme, najua mko wengi.

KakaMkorofi

Pole sana. Ila swali la daktari bado liko palepale. Kwa nini bado?

Mzee_wa_Lanet

Binti yangu, pole. Huyo namjua kabla hujamaliza sentensi ya pili. Mimi nilimwendea na goti. Akasema goti ni umri, lakini hebu soma zile herufi ukutani. Nikasoma. Leo nina miwani, na goti liko vilevile.

Omena_Kavu

Mama wa kwaya ndiye shujaa wa hadithi hii. Amina.

Nesi_wa_Zamu

Wacheni mzaha kidogo, halafu mtaendelea.

Mtu mzima aliyetulia, moyo hupiga kati ya 60 na 100 kwa dakika. 164 ukiwa unakunja vitenge si upweke. Na hapo uliposema inaanza ghafla na kukata ghafla, hapo ndipo mtu aliyesoma angeizima simu. Moyo una njia zake za umeme. Kuna watu ambao umeme huo hupata kinjia cha pembeni, ukaanza kuzunguka hapo hapo badala ya kushuka, basi moyo unaburutwa nao mpaka mzunguko ukatike. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na wengi huambiwa ni wasiwasi, maana wakifika hospitali umeshaacha na ECG, kile kipimo kinachochora umeme wa moyo, inatoka safi kabisa. ECG safi ya wakati moyo umetulia haisemi lolote kuhusu wakati ule ulipokuwa mbio. Inatakiwa ichukuliwe IKIWA INAENDA. Isipowezekana, kuna kimashine cha kuvaa, wanakiita Holter, unabandikwa kifuani na unaenda nacho nyumbani saa 24 au zaidi.

Na damu ipimwe. Hemoglobini, maana upungufu wa damu peke yake unakimbiza moyo, hasa kwa wenye hedhi nzito. TSH, ya tezi ya shingoni. Ikizidi kufanya kazi, moyo haupumziki hata usingizini. Potasiamu. Na useme dawa zote unazotumia, hata pampu ya pumu. Homa pia hupandisha, karibu mapigo 10 kwa kila nyuzi moja ya joto, lakini ya homa haikatiki pap.

Sikwambii una nini, sijakugusa. Ila ukizimia, kifua kikibana au pumzi ikikata, usipande ngazi za mtu yeyote. Dharura moja kwa moja, hospitali kubwa.

KakaMkorofi

Nesi, na wewe umeolewa?

Nesi_wa_Zamu

Nina zamu.

Binti_wa_58

Asante Nesi. Umeona? Mtu hata hajaniona ameniambia mengi kuliko aliyenilipisha. Na hakuwekelea kitu juu ya kitu.

Dada_wa_Kondele

Nyinyi wa Nakuru mnadekezwa. Mimi nikipanda ngazi nasikia moyo masikioni, nikaenda kwa yule wetu wa hapa, watu wa Kisumu mnamjua, wa kusema "next" kabla hujakaa. Akaniambia nipunguze samaki. Kisumu! Nipunguze samaki! Ni kama kumwambia mtu apunguze hewa. Kwingine walipopima, damu ilikuwa 6. Sita! Wengine wana 12, 13, mimi natembea na nusu tangi, na mtu ananiondolea samaki.

JabaTupu

Naulizia rafiki. Moyo wake huanza mbio usiku wa manane, baada ya muguka wa kutosha na chupa mbili za kinywaji cha nguvu. Na yeye aolewe?

Nesi_wa_Zamu

Rafiki yako aache zote mbili. Muguka na miraa zina kathinoni, inasukuma presha na mapigo. Kwenye chupa kuna kafeini, nayo inasukuma upande huo huo. Alale.

JabaTupu

Rafiki anasema usingizi aliumaliza mwaka 2019.

Mzee_wa_Lanet

Ni yule wa bluu kwa ukuta au ni mwingine? Maana pale kwa bluu nilienda na mjukuu.

Binti_wa_58

Ni yeye, mzee. Lakini mnanitoa kwenye hoja. Mlango wazi. Kikombe cha chai. "Olewa."

Fundi_wa_Mumias

Dada, mimi niko nayo hiyo ya umeme, ilinaswa Eldoret siku nilipofika bado inaenda. Walinichoma dawa kwenye mshipa, kwa sekunde chache nikadhani naaga dunia, nikaanza kutaja wanaonidai, halafu moyo ukarudi sawa. Walinifundisha ikinishika nikae, nivute pumzi, nibane, nikaze tumbo vile mtu hukaza chooni, sekunde 15 hivi. Au maji baridi usoni. Mara nyingi inakatika.

Shida yake ni mahali. Ilinishikia ndani ya matatu, nikakaza. Uso ukawa mwekundu, mishipa ya shingo nje. Mama niliyekaa naye akamhamisha mtoto. Makanga akapiga bodi: "Dere, simamisha, huyu mzee anatuharibia gari!" Wakanishusha kwenye miwa, na nauli hawakurudisha.

Omena_Kavu

Nimecheka mpaka moyo wangu umeanza. Nesi, hii ya kucheka inahesabika?

Abiria_Mpole

Fundi umenikumbusha machungu. Mtu asinieleze kuhusu madaktari wakati makanga wa Kisumu kwenda Kakamega yuko hai. Steji anaita bei moja. Ukifika Kiboswa ni nyingine. Mkifika Chavakali anakwambia "hiyo ilikuwa ya asubuhi". Kwani barabara inakua mchana?

Dada_wa_Kondele

Na kile kibao cha katikati! Nimelipa nauli nzima nikakalishwa kwenye ubao, nusu juu ya kuku wa mtu. Kuku alikuwa na kiti.

KakaMkorofi

Afadhali kuku, ana mume.

Binti_wa_58

Kaka, nitakutafuta.

KakaMkorofi

Basi tatizo limeisha. Tuma eneo.

Omena_Kavu

UZI UMEPATA MAHARI.

Mama_Mboga_Pipeline

Binti, usijibizane na huyo, anadaiwa sukuma na mimi. Hii ya moyo nakuombea. Lakini mnaozungumzia mapigo, njooni muishi kwenye ploti yetu. Landilodi anafunga geti saa nne, kisha anazima simu. Jirani alilala nje akiwa amebeba mtungi wa gesi. Maji yanakuja usiku wa manane tu, kila mtu yuko koridoni na ndoo, tunasukumana gizani. Hapo ndipo utajua moyo kwenda mbio.

Fundi_wa_Mumias

Wa kwako anafunga geti. Wa kwangu ametoa mlango wa choo ati anaupaka rangi. Rangi gani hiyo isiyokauka tangu Pasaka?

Mzee_wa_Lanet

Tuliambiwa 2021 kwamba sasa Nakuru ni jiji. Nikavaa suti. Mpaka leo maji nanunua kwa mkokoteni.

Dada_wa_Kondele

Mzee, sisi ziwa zima liko hapo mbele yetu, na mkokoteni tunao.

Binti_wa_58

Jamani. Holter inapatikana wapi hapa kwetu, au ni mpaka Nairobi?

Abiria_Mpole

Uliza vizuri hospitali ya rufaa, usiulize ngazini. Sasa, hiyo ya mkokoteni: kwenu mtungi ni ngapi? Maana huku wamepandisha, wanasema ni punda amezeeka.

Mama_Mboga_Pipeline

Punda amezeeka? Huku wanasema punda ni mpya, analipiwa mkopo.

JabaTupu

Rafiki yangu anauza maji. Anasema mnamwonea.

Nesi_wa_Zamu

Binti, nimekuandikia faraghani. Nenda na kikaratasi, hata kama kina chai. Wengine nimewasoma, naenda kulala.

Msimamizi

Wadau, uzi huu uko chini ya AFYA. Mambo ya nauli, mageti na mikokoteni mfungulie nyuzi zake, la sivyo nitafuta.

Fundi_wa_Mumias

Futa! Uzi wangu wa mlango wa choo ulifutwa wiki jana, ati "haujengi". Choo hakijengi?

Omena_Kavu

Na wangu wa omena zilizochanganywa na mchanga ulihamishwa MAPENZI. Mpaka leo watu wananiandikia.